Upungufu wa Herufi A

Katika sanduku la babu yangu Mudaki, pale Mbale,
mchwa wamekula daftari za ushirika, wamekula ramani,
mahubiri wameyaacha. Si kwamba hawakuyaonja.
Yalikuwa makavu mno.

Ni ya Mchungaji Pelo.
Ndivyo Wamaragoli walivyolilegeza jina lake,
nalo ndilo kitu pekee alichokubali kilegezwe.
Uzao wa Wapuriti, watu waliovunja vioo vya rangi
ili nuru iingie bila kujipaka kitu.
Kila Jumatatu alileta karatasi, mwandiko umesimama wima
kama
hapana. Angelikata hilo.
Mwandiko ulisimama wima.

Fundisho. Sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Kisha Matumizi, maana neno lisilotumika, alisema,
ni kuni zilizolala mvuani.
Babu akamkumbusha kwamba huo nao ni mfano.
Alinyamaza. Akaukata.

Wanaomsifu husifu usahili wake.
Babu alinipa siri wasiyoijua:
kasha la herufi za risasi lilitoka ng'ambo,
limehesabiwa kwa lugha isiyokula a kama yetu.
Mstari wa saba, a zimekwisha.
"Watatakaswa" peke yake humeza tano,
na mtakatifu hubaki nusu, mikononi mwa fundi.
Basi Pelo akajifunza kupunguza.
"Mavazi yanayong'aa" yakawa "nguo nyeupe".
Soma tena: nguo nyeupe. Hakuna a hata moja.
Sehemu ya utakatifu ule, niseme wazi,
ilikuwa uhaba.

Mwaka wa nzige, homa ya mkojo mweusi
ikamchukua bintiye wa miaka sita,
aliyebatizwa jina la fadhila kwa lugha yao;
akina mama wa Chavakali walimwita Subira.
Jumatatu ile karatasi ilifika saa kumi jioni.

Fundisho: Mungu ni mwema.
Sababu ya kwanza:
Sababu ya pili:
Matumizi:

Na pembezoni, penye upana wa kidole:
"Alikuwa mwepesi kama karatasi kabla ya wino."
Juu yake mstari wa kukata, mmoja, mwembamba,
kwa mkono uleule uliowahi kufyeka
kurasa nne za Ayubu bila kutetemeka.

Sheria ya karakana babu aliijua:
kilichokatwa hakipangwi.
Akakipanga. Herufi kwa herufi, juu chini,
jinsi fundi anavyoisoma dunia.
Sentensi ilidai a tisa ndogo na moja kubwa,
na kasha lilikuwa tupu, kwa sababu mezani
tangazo la kodi ya kibanda lilisubiri wino,
kazi ya bwana DC, ya haraka.
Akazing'oa humo. Kodi ikabaki kodi bila macho,
"l zim ", "f ini", "j el".

Alichapa nakala mbili. Moja ninayo hapa.
Nyingine aliiweka juu ya mimbari Jumamosi usiku.
Hakuitwa. Hakukaripiwa.
Asubuhi mimbari ilikuwa tupu,
na Pelo alihubiri dakika kumi na moja,
yeye aliyezoea saa mbili.

Mimi ni mwalimu wa insha, Kidato cha Pili.
Nimechinja kwa kalamu nyekundu majogoo mia
waliowika alfajiri na mapema;
nimekausha machozi yaliyotiririka njia mbili mbili.
Nilidhani ni ladha. Nilijivunia damu ya wachapaji.

Leo nasahihisha daftari la Kageha,
aliyemzika mamake muhula huu huu, mvua ikinyesha.
Kurasa mbili za mithili ya, mithili ya, tele,
kisha mstari wa mwisho: "Mama alikuwa kama."
Nukta.

Kalamu yangu imekaa juu ya nukta hiyo
tangu chajio.
Wino umeanza kuenea.